Ukisoma riwaya ya michezo na vijana, anzeni pale mpira unaposimama

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Mtwara dhamira za riwaya yoyote, atakutajia kabla hujamaliza swali: mapenzi, malezi, ukombozi, nafasi ya mwanamke. Simlaumu, ndivyo mtihani ulivyomzoesha. Lakini riwaya ya michezo ukiisoma hivyo, kitabu chenyewe kinakupita.

Nasoma na vijana barazani, Shangani, jioni wakitoka mazoezini na vumbi lao. Safari hii tulisoma The Crossover ya Mmarekani Kwame Alexander, riwaya iliyotoka 2014 na kupata Medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka uliofuata. Ni mashairi mwanzo mwisho, imegawanywa kwa robo kama mechi ya kikapu. Mapacha Josh na Jordan wanachezea timu moja; baba yao alikuwa mchezaji wa kulipwa. Mimi nasoma ukurasa kwa Kiingereza, kijana mmoja anausimulia kwa Kiswahili.

Ushauri wangu: achana na swali la dhamira, uliza ugomvi ulianzia wapi. Jordan anapata mpenzi, Josh anajiona ameachwa, kinyongo kinakua taratibu, mpaka siku anamtwanga pacha wake mpira wa uso katikati ya mechi. Mama yao, ambaye pia ni makamu mkuu wa shule, anamsimamisha kucheza. Hapo nilifunga kitabu nikawaachia. Beki wetu mmoja akasema mama kaonea, timu inamhitaji. Msichana anayecheza netiboli akamgeukia: "Sasa kombe ndiyo litamtibu pua ndugu yake?" Walibishana hadi adhana ya magharibi, na sikuongeza neno. Udugu, wivu, haki ya mzazi kuadhibu, yote waliyafikia kwa miguu yao wenyewe.

Kisha mfuatilieni baba. Ana presha, mkewe anamsihi aende kwa daktari, naye hataki kwa sababu baba yake mzazi alifia hospitalini. Josh anayasikia mabishano hayo na kuyabeba moyoni. Mwishowe moyo wa baba unashindwa, anafariki. Kwetu huku hilo halihitaji ufafanuzi. Tunao wazee wanaobeba magunia ya korosho msimu mzima huku kichwa kinawagonga, na geti la hospitali ya Ligula wanalipita tu. Ukifika kurasa hizo usikimbilie mafunzo. Uliza Josh alijua nini, na angemwambia nani. Kijana mmoja alijibu kwamba mtoto hamwambii baba yake aende kupimwa, si adabu. Mwenzake akauliza, "Na mjomba je, akimtuma mjomba?" Hayo maongezi yalinigusa kuliko uchambuzi wowote niliowahi kusahihisha.

Mechi zenyewe msiziruke. Maneno yanateremka na kuyumba ukurasani kama mtu anayepiga chenga, kwa hiyo zisomwe kwa sauti, tena haraka. Mpe kijana asiyependa kusoma. Huyo ndiye atakayezisoma vizuri.

Kama kitabu hiki hukipati, chukua riwaya yoyote ya mpira na uulize nani amewekwa benchi, nauli ya mazoezi inatoka mfukoni mwa nani, na nani anaumwa lakini hasemi. Sisi sasa tunatafuta ya soka yenye msichana golini. Aliye nayo, Mtwara au Lindi, atuazime, tutaitunza.