Uliza Tukujibu: Mashine ndogo ya kukamua juisi polepole

Barua za safari hii zimejaa kitu kimoja: ile mashine ndogo ya kukamua juisi yenye skrubu nene ya plastiki mahali pa visu. Skrubu hiyo huzunguka taratibu, mara 40 hadi 80 hivi kwa dakika, ikiponda tunda na kulibana kwenye chujio. Walionunua za bei nafuu wengi wanaamini zimeharibika. Kwa dalili walizotueleza, nyingi ni nzima.

Mashine yangu ni ya wati 150. Nikikamua nanasi na tangawizi inakwenda vizuri dakika chache, kisha inanguruma na kusimama. Jana ilizima kabisa. Mota imeungua? (Msomaji, Tanga)

Kama hukusikia harufu ya kuungua, usikimbilie kuitupa. Mashine nyingi za aina hii zina kinga inayokata umeme mota ikipata joto kupita kiasi. Chomoa plagi, iache ipoe nusu saa, kisha iwashe ikiwa tupu kwa sekunde mbili tatu tu. Ikizunguka, mota ni nzima.

Aliyekukwamisha ni nyuzi. Tangawizi ikikatwa kwa urefu, nyuzi zake hubaki ndefu, na skrubu haina makali ya kuzikata. Inazisokota zikaizunguka kama uzi kwenye kibiringo, mpaka zinaziba tundu la makapi. Makapi yakikosa pa kutokea yanajaa ndani ya bakuli, skrubu inazungushwa kwa shida, mota inalemewa.

Kwa hiyo kata tangawizi kwa kukingamisha nyuzi, visahani vyembamba visivyozidi nusu sentimita. Nanasi limenye, likate vipande vya sentimita 2, na kile kiini kigumu cha katikati ukikate visahani kama tangawizi. Mchaichai usiuingize kabisa. Nyuzi zake ni ngumu mno, mahali pake ni kwenye birika la chai.

Halafu lisha kwa zamu. Vipande vitatu vya nanasi, kisahani kimoja cha tangawizi, kipande cha karoti. Karoti ni ngumu, hivyo inasukuma mbele makapi laini yanayopenda kung'ang'ania kwenye chujio. Hesabu hadi tano kabla ya kuongeza. Usikandamize kwa ule mti wa kusukumia. Skrubu huvuta yenyewe, mti ni wa kuteremsha kipande kilichoning'inia njiani tu. Jicho lako liwe kwenye tundu la makapi. Yanapaswa kutoka mfululizo, makavu, yakijikunja kama utepe. Yakikoma kutoka, acha kulisha hapo hapo, usingoje ngurumo.

Ikikwama, zima, subiri isimame kabisa, kisha bonyeza rivasi (mara nyingi imeandikwa R au REV) kwa sekunde 5. Zima tena, peleka mbele. Rudia mara mbili au tatu. Ikikataa, chomoa plagi ufungue bakuli. Kifuniko nacho kikigoma, usikigonge wala kukichokonoa kwa kisu. Mimina kikombe cha maji ya vuguvugu kwenye mdomo wa kulishia, ngoja dakika 5 makapi yalainike, chomeka ipige rivasi kidogo, chomoa, kisha zungusha kifuniko huku ukikibana kwa chini.

Jambo la mwisho: geuza mashine usome kibandiko cha chini. Huandikwa muda wa kufanya kazi bila kupumzika, kwa mashine ndogo mara nyingi dakika 10 hadi 20. Muda ukiisha, ipumzishe nusu saa hata kama bado inazunguka vizuri.

Assalamu alaikum. Hii mashine yaweza kukamua tui? Nimechoka na kifumbu. (Mama wa nyumbani, Mombasa)

Waalaikumu salaam, mama. Yaweza, tena kazi hii inaifaa, kwani kifumbu nacho hukamua kwa kubana tu bila joto. Masharti ni mawili: nazi ikunwe kwanza, na maji yasiwe baridi.

Vipande vilivyobanduliwa kwenye kifuu usivitie. Nyama ya nazi iliyokomaa ni ngumu na ina maji machache. Kipande kikibanwa kati ya skrubu na chujio, kinachopasuka ni plastiki. Ikune nazi kwa mbuzi kama kawaida. Kwa nazi moja kubwa tia kikombe kimoja (ml 250) cha maji ya vuguvugu, uyafikiche kwa mkono, uyaache dakika 5. Vuguvugu ni muhimu kwa sababu mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ukitumia maji ya friji mafuta yatabaki kwenye machicha na tui litatoka jepesi kama maji ya mchele.

Lisha kijiko kimoja cha kulia kila mara, ukisubiri kimezwe. Hilo la kwanza ndilo tui zito, liweke kando. Machicha yanayotoka yachanganye na vikombe viwili vya maji ya vuguvugu, uyapitishe tena upate tui jepesi la kuchemshia. Mara ya tatu haina faida: machicha yamekauka, yatashindiliana kwenye tundu. Tui lipitishe kwenye kitambaa safi, maana chujio la mashine huachia chembe ndogo ndogo ambazo kifumbu kizuri kisingeziachia.

Ukimaliza tu, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Mafuta yakigandia kwenye matundu ya chujio, juisi ya kesho itanukia nazi.

Juisi inavuja chini ya bakuli na kuingia kwenye mota. Nimepaka gundi lakini bado. (Msomaji, Mwanza)

Ondoa gundi, na usiwashe tena mpaka ukague mpira. Katikati ya bakuli kuna tundu linalopitisha mhimili wa mota, na tundu hilo lina mpira mdogo wa silikoni. Huo hutolewa wakati wa kuosha, kisha unarudishwa kichwa chini au unasahaulika kwenye beseni. Upande wenye ukingo mwembamba kwa kawaida huangalia juu, iliko skrubu. Linganisha na picha ya kijitabu. Ulowanishe kwa maji, uusukume kwa kidole gumba mpaka ukae sawa pande zote. Kuna mpira mwingine kama ulimi chini ya tundu la makapi. Ukiachwa wazi baada ya kuosha, juisi hutokea huko.

Ili kupima, tia maji nusu kikombe kwenye bakuli lililokaa peke yake juu ya kitambaa kikavu, ungoje dakika 5. Kitambaa kikilowa, mpira umechoka au haukukaa. Maji yaliyokwisha kuingia kwenye mota yaache yakauke siku nzima, plagi ikiwa nje. Ukiona kutu au ukisikia mlio wa kusaga, mpe fundi.

Juisi ya machungwa inatoka tamu, baada ya saa moja imekuwa chungu. Je, imeharibika? Na inakaa siku ngapi? (Msomaji, Nairobi)

Haijaharibika. Kwenye ule utando mweupe na kwenye mbegu za chungwa mna kitu ambacho kikishapondwa hugeuka kidogo kidogo kuwa limonini, na limonini ni chungu. Ukikamua kwa mkono utando hauguswi sana. Skrubu inauponda wote. Menya mpaka weupe uishe, gawanya chungwa vipande, toa mbegu. Ni kazi ya dakika nyingine tano na inaonekana kwenye bilauri. Ndimu na limau ni vivyo hivyo.

Kuhusu kukaa, neno "baridi" kwenye maboksi ya mashine hizi huwapotosha watu. Mashine haipoozi juisi wala haiui vijidudu; juisi inatoka na joto la tunda lenyewe. Mimina kwenye chupa ya kioo iliyooshwa vizuri, ijae mpaka shingoni ili hewa isibaki, uitie kwenye friji yenye nyuzi 4 mara moja. Inywe ndani ya saa 24. Ya machungwa au yenye ndimu nyingi inaweza kufika saa 48. Umeme ukikatika saa nyingi, imwage. Na kwa kuwa haikuchemshwa, matunda yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kumenywa, kwani kisu hupeleka uchafu wa ganda ndani. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu wanywe iliyokamuliwa wakati huo huo kwa matunda yaliyooshwa vizuri sana, au ichemshwe kwanza.

Dada yangu ametuletea mashine kutoka Marekani. Nimenunua adapta ya plagi, niiwashe? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usiiwashe bado. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haipunguzi umeme. Soma kibandiko. Kikisema 100–240V, endelea bila wasiwasi. Kikisema 120V 60Hz, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza ndani ya sekunde chache. Utahitaji transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo angalau mara mbili ya wati za mashine. Kwa mashine ya wati 200 chukua ya wati 500, kwa sababu mota huvuta umeme mwingi inapoanza. Transfoma haibadilishi hezi, na umeme wetu ni wa hezi 50. Mota nyingine hupata joto zaidi hapo, kwa hiyo usizidishe dakika 10 kwa mkupuo. Mara nyingi ni nafuu kununua ya volti 230 hapa hapa.

Hofu ya bili iondoe: wati 150 kwa dakika 20 ni uniti 0.05. Uniti moja inakamua mara ishirini.

Bibi ana kisukari. Tumeambiwa juisi ya kubanwa haipandishi sukari kwa kuwa ni ya asili. Ni kweli? (Mjukuu, Dodoma)

Si kweli, mjukuu, na kama mmemwambia bibi hivyo, tunaomba mlisahihishe leo. Mashine imetoa nyuzi nyingi na kuziacha kwenye makapi. Sukari ya tunda imebaki kwenye bilauri, tayari kuingia mwilini haraka. Bilauri ya ml 250 ya juisi ya machungwa ina sukari karibu gramu 20, sawa na vijiko vitano vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu sukari ya juisi pamoja na sukari ya kuongeza, na linashauri zote zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida.

Bibi apewe chungwa lenyewe, alitafune. Akitaka cha bilauri, mkamulieni matango mawili, kipande cha tangawizi na ndimu nusu, bila karoti nyingi wala kiazisukari. Kiasi chake kinafaa kupangwa na daktari wake, hasa kama ana shida ya figo.

Chujio limekuwa la rangi ya chungwa na matundu yameziba. (Msomaji, Arusha)

Rangi ni ya karoti, nayo huyeyuka kwenye mafuta, siyo kwenye maji. Pangusa kwa pamba yenye mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni. Matundu yaloweke saa moja kwenye siki sehemu moja na maji sehemu tatu, usugue kwa mswaki kutoka nje kwenda ndani. Maji ya moto sana hapana: chujio likipinda kidogo tu, skrubu itaanza kulikwaruza. Dawa kubwa ni kumimina bilauri ya maji kwenye mashine ikiwa bado inazunguka, mara baada ya tunda la mwisho, na kuosha kabla hujakaa kunywa.

Majani gani ya kijani yanafaa? Tuna kisamvu kingi shambani. (Msomaji, Kigoma)

Kisamvu kibichi kamwe. Majani ya muhogo, yakipondwa mabichi, hutoa sumu ya sianidi, na kuponda ndiyo kazi ya mashine hii. Kisamvu ni cha kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi. Kwa juisi tumia sukuma wiki au mnanaa: viringisha majani manne matano kama sigara, yakate vipande vifupi, uyapitishe kati ya vipande viwili vya tango. Mchicha na spinachi weka kidogo tu, na aliyewahi kupata mawe ya figo aviache.

Na miwa? (Msomaji, Morogoro)

Hapana, hata iliyomenywa. Mashine ya muuza miwa ina magurudumu ya chuma. Yako ina skrubu ya plastiki, na nyuzi za muwa zitaipasua kabla hujapata nusu kikombe.