Mtoto kachapwa shuleni hadi mkono ukavimba

Mama Shiru, pole sana. Umeuliza ukubali "kumalizana ofisini" kama anavyotaka mwalimu mkuu, au uende polisi. Mimi ningeanza na hospitali, leo hii, kabla uvimbe haujashuka. Hospitali ya serikali ni bora zaidi, na weka kila karatasi wanayokupa. Piga picha alama za viboko, uweke sarafu ya shilingi kumi kando yake ili ukubwa uonekane. Msichana akueleze kwa maneno yake mwenyewe, uandike, usimwongezee chumvi.

Hapa Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka wa 2001. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya kikatili, ya mwili au ya akili, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. (Wajomba watakuambia "sisi tulichapwa tukanyooka." Waache.)

Ukitoka hospitali, pita kituoni, andikisha, dai namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na fomu ya P3 (daktari huijaza kuhusu majeraha). Kisha barua kwa bodi ya shule, nakala kwa Tume ya Huduma za Walimu. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Hapo ofisini nenda ukitaka, ila usitie sahihi chochote, wala usipokee pesa "ya matibabu" mkononi. Na wakianza kumsumbua darasani, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.