Jibu: Semina za watendaji zinasaidia, au ni posho tu?

Mkuu, umeuliza kama kuwapeleka watendaji wa kata semina kunaboresha huduma huku Iringa, au ni kula posho tu. Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo kinafundisha, sibishi. Shida mtendaji anarudi na cheti, ofisini hakuna hata mafuta ya pikipiki.

Mimi naangalia zaidi ubia wa serikali na taasisi kama kanisa. Chukua Tosamaganga: hospitali ya Kanisa Katoliki iliyoteuliwa kuhudumia halmashauri, serikali ikachangia watumishi na mishahara badala ya kujenga nyingine kuanzia msingi. Mkataba wa namna hiyo unataka mganga mkuu wa wilaya anayejua kusoma mahesabu na kuwabana wote wawili, kanisa na halmashauri, bila ugomvi. Hela ya semina ningeanza nayo hapo.