Maswali ya Wasomaji: Kaboni ya Vitundu, Juu Nyeusi Chini Nyeupe

Swali: Natengeneza kaboni ya vitundu vya nanomita kwa njia ya CVD, yaani kutandaza kaboni inayotoka kwenye gesi. Kalibu yangu, yaani umbo linalovikwa kaboni kisha kuyeyushwa kwa asidi, ni unga wa oksidi ya magnesiamu: gramu 3 ndani ya kidau cha alumina, methani nusu saa, nyuzi 900 za Selsiasi. Unga unatoka mweusi juu, chini mweupe vilevile ulivyoingia. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Umerundika. Kwenye joto hilo methani huvunjika upesi kuliko inavyopenya, basi tabaka la juu linakula kaboni yote, na hidrojeni inayozaliwa humo hukwama chini na kuzidi kupunguza kasi ya mmenyuko. Tandaza unga usizidi kina cha milimita 2, hata ikibidi kuugawa kwenye vidau vitatu. Rangi ikikataa kulingana, shuka hadi nyuzi 850 na uongeze muda. Wengi hufanya kinyume, wanapandisha joto, wakaambulia masizi: ukuta wa bomba la kwatzi unang'aa kama kioo cheusi, na upande wa kutokea gesi unashika lami ya kahawia. Hiyo ni kaboni iliyojiundia ndani ya gesi yenyewe. Haikufuata umbo la kalibu na haina vitundu unavyovitafuta.

Tena rangi hudanganya, amini mizani. Mita za mraba 1,315 za grafini ya tabaka moja, yaani karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, zina uzito wa gramu 1. Kwa hiyo kalibu yenye eneo la uso la mita za mraba 150 kwa gramu, ikivikwa tabaka moja tu, huongezeka takriban gramu 0.11 kwa kila gramu. Ukipata 0.12 uko pazuri. Ukipata 0.5, ama umevika matabaka manne na ushee, ama umevuna masizi. Ila oksidi hii hunyonya unyevu na kaboni dioksidi hata ikiwa chupani, na vikitoka tanurini utadhani kaboni ni kidogo kuliko iliyopo. Pitisha kidau kingine kwenye joto lilelile kwa argoni, gesi isiyomenyuka, peke yake, upime kilichopungua, ndipo ufanye hesabu.

Swali: Nikiichoma sampuli iliyokwisha kuoshwa, majivu meupe yanabaki. Asidi haikutosha?

Jibu: Gramu 1 ya oksidi inamalizwa na mililita 25 za asidi ya haidrokloriki ya moli 2 kwa lita, weka 50. Kama kipimo hicho ulikifuata, basi chembe zimefungiwa ndani ya ganda nene. Koroga usiku kucha kwenye nyuzi 60, na safari ijayo punguza muda wa methani. Osha kwa maji yaliyokenekwa hadi pH 7, kisha suuza kwa ethanoli kabla ya kukausha, maana maji yanapokauka ndani ya vitundu huvuta kuta zikabonyea.

Swali: Kwa nini msitushauri kalibu ya zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno, inayotoa kaboni yenye eneo la uso kubwa zaidi?

Jibu: Ni kweli. Kyotani na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, waliichapisha njia hiyo mwaka 1997, na baadaye eneo likavuka mita za mraba 3,000 kwa gramu. Lakini zeolaiti huyeyushwa kwa asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kushika kalsiamu ya mwili. Maabara isiyo na kabati la kuvuta hewa na jeli ya kalsiamu glukoneti karibu isiiguse.

Swali: Nisafishe bomba kwa argoni muda gani kabla ya kufungulia methani?

Jibu: Usihesabu dakika, hesabu ujazo. Bomba la kipenyo cha ndani cha sentimita 5 na urefu wa mita 1 hubeba karibu lita 2. Kwa mililita 200 kwa dakika, ujazo mmoja ni dakika 10, na hapo zaidi ya theluthi ya hewa ingali ndani. Ujazo mara tano, dakika 50, huishusha chini ya asilimia 1. Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, kwa hiyo paka povu la sabuni kwenye viungio vyote kwanza, na gesi inayotoka iende nje ya jengo. Kati ya bomba na chupa ya maji ya kutolea mapovu weka chupa tupu: tanuri likipoa gesi husinyaa, na pasipo chupa hiyo maji hufyonzwa hadi kwenye kwatzi ya moto. Argoni isikatwe mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 100. Ukifungua mapema kaboni itaungua, na utatoa kidau cha unga mweupe.