Lancia Aurelia B20: mbona usukani uko kulia?

SWALI: Wahariri salaam. Nimeona picha ya Lancia Aurelia B20 ya 1951, usukani kulia kama gari zetu huku, wakati Italia wanapita kulia barabarani. Inakuwaje? Na kagari ka lita mbili kalipataje namba mbili kwenye mbio za Mille Miglia? Msomaji, Tanga.

JIBU: Salaam ndugu yetu, una jicho kali. Lancia, kampuni ya magari ya Italia, waling'ang'ania usukani wa kulia miaka mingi tu, na sababu inayotajwa sana ni barabara za milimani, dereva akikaa kulia anauona vizuri ukingo wa barabara kule Alpi ambako ukikosea kidogo umeshuka bondeni. B20 ya usukani kushoto ilikuja na toleo la nne, 1954.

Sasa hiyo namba mbili. Mille Miglia ya 1951 ilikuwa ya mvua, kilomita kama 1,600 kutoka Brescia kwenda Roma na kurudi, kwenye barabara za kawaida kabisa. Mshindi alikuwa Villoresi akiendesha Ferrari ya lita 4.1, halafu nyuma yake wakaingia Bracco na Maglioli wakiwa na B20 yenye injini chini ya nusu ya ile! Watu walishangaa, ila ukiifungua ile gari unaelewa. Injini ni V6, yaani silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya gari za kuuzwa madukani, mahesabu yake aliyapiga injinia Francesco De Virgilio tangu wakati wa vita vya pili vya dunia, chini ya mzee Vittorio Jano aliyetokea Alfa Romeo. Ni cc 1991, bloku ya aluminiamu, nguvu ya farasi kama 75 tu.

Utamu wenyewe uko nyuma lakini. Klachi, gia boksi na difu vyote vimefungwa pamoja nyuma, na breki za nyuma hazikai kwenye ringi, zimebanwa pale pale kwenye difu ili tairi zibaki nyepesi, kwa hiyo uzito umegawanyika mbele na nyuma na gari inashika kona hata lami ikiwa imelowa. Kwa maoni yangu hakuna kampuni iliyofikiria vizuri kama wao miaka ile.

1952 B20 zikashika namba 1, 2 na 3 kwenye Targa Florio, mbio za kisiwa cha Sicily, Felice Bonetto akiongoza, na 1954 Louis Chiron akachukua Monte Carlo Rally. Toleo la tatu la 1953 lilipewa injini ya cc 2451, farasi 118. Hela ndo iliwashinda, 1955 familia ya Lancia ikaachia kiwanda, B20 ikaendelea mpaka 1958.

Ukija kuiona moja kwa macho usiishie kwenye bodi, angalia gia: toka kiwandani fimbo ilikuwa kwenye usukani, ukiikuta chini sakafuni ujue ilibadilishwa, mara nyingi kwa seti ya vifaa vya kampuni ya Nardi, na wapenzi wake wala hawaihesabu kama kasoro.