Siku ya tatu mpe jembe: yale niliyojifunza rabi mpya alipokuja sinagogi letu

Wacha nijieleze kwanza maana najua swali litakuja. Mimi ni mtu wa Kitale, niko Marekani mwaka wa 12 sasa, na ni Myahudi. Hapana, sikuzaliwa hivyo. Nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wazee, na shosho mmoja niliyekuwa naye lazima angepelekwa sinagogi kila Jumamosi asubuhi, iwe mvua iwe theluji, basi namsukuma na kiti chake cha magurudumu namweka mahali pake halafu mimi naenda kukaa nyuma kabisa nikibonyeza simu. Mwaka wa kwanza nilibonyeza simu. Wa pili nikaanza kusikiliza. Shosho alipofariki Jumamosi ikafika nikajikuta nimevaa viatu, nikaenda, na baada ya masomo ya karibu miaka miwili nikakaa mbele ya marabi watatu wakanihoji, nikazamishwa kwenye maji, yakaisha. Hiyo ni stori ya siku nyingine.

Ya leo ni hii: zaidi ya mwaka mmoja baada ya shosho kuzikwa, watu pale mlangoni walikuwa bado wananiuliza, "Umemleta nani leo?"

Hawakuwa watu wabaya. Wengine walikuja mazishini wakanishika mikono. Lakini kichwani mwao mwanamke Mwafrika ndani ya sinagogi ni mtu wa kazi, na hata nikiwa nimeshika siduri, kile kitabu cha sala, naimba Kiebrania changu cha kubahatisha, bado wananitafutia mzee wa kumsukuma. Halafu kuna wale wajuaji, "Aah, wewe ni wa Abayudaya!" Ndugu, Abayudaya ni Wayahudi wa Mbale, Uganda, walianza na kiongozi wao Semei Kakungulu mwaka 1919, na mimi nimekulia upande huu wa Mlima Elgon bila kujua kwamba ng'ambo ya mlima ule ule kuna watu wanashika Shabati, Sabato ya Kiyahudi. Ilibidi nije Marekani ndio niambiwe. Rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea Los Angeles akapata urabi 2008, kwa hiyo ukiona Mwafrika sinagogi usidhani amepotea njia.

Sasa rabi wetu mpya alikuja miaka minne iliyopita, kijana wa thelathini na kitu, na sisi kwenye kamati ya ukaribisho (ndio, nilikuwa nimeingizwa kamati, walitaka sura) tulikuwa tunamngoja na mpango wetu wa kurasa sita. Kubadilisha bango la nje, kununua vibandiko vya majina, na wazo langu mimi mwenyewe, ambalo nilikuwa najivunia sana, la wageni kusimama wakati wa ibada wajitambulishe kama kwetu kanisani, si unajua ile ya "wageni wetu tunawapa makofi ya kilo ngapi." Akatusikiliza hadi mwisho. Halafu akaomba kitu kimoja tu, orodha ya watu waliokuja mara mbili tatu miaka miwili iliyopita wakapotea.

Akaanza kuwapigia. Mmoja mmoja, anawanunulia kahawa, na swali lake lilikuwa moja, mtu wa kwanza kukusemesha pale kwetu alikuwa nani na alikwambia nini? Alirudi kwenye kamati na majibu, akatusomea, na jibu lililojirudia kuliko yote lilikuwa: soja wa mlangoni.

Hapo tulinyamaza wote.

Yaani soja, ambaye hata si Myahudi, ambaye kazi yake ni kukagua mifuko, ndiye alikuwa anasalimia watu. Sisi wenye nyumba tulikuwa ndani tunapigana vikumbo kwenye meza ya kidushi, ile divai na mkate na vitu vya kutafuna baada ya ibada, kila mtu na marafiki zake wa miaka 20.

Kuhusu huyo soja nieleze kidogo, maana msomaji wa nyumbani anaweza kushangaa nyumba ya Mungu ina soja wa nini. Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliingia sinagogi Pittsburgh akaua watu 11 wakiwa kwenye ibada ya Jumamosi. Halafu Januari 2022, Colleyville kule Texas, mgeni alibisha mlango asubuhi ya baridi, rabi wa pale akamfungulia akamchemshia chai, na mgeni yule akatoa bastola akawashika mateka kutwa nzima. Walitoka salama, mwishoni rabi mwenyewe alimrushia kiti wakakimbia. Kwa hiyo ukiniambia "fungueni tu milango, upendo unatosha," nitakuuliza unaongea ukiwa wapi. Rabi wetu hakumwondoa soja. Alichofanya ni kuweka muumini mmoja asimame naye kila Jumamosi, kwa zamu, nje kwenye baridi, ili mgeni akikaguliwa mfuko pembeni kuna mtu anamwambia Shabati shalom, choo kiko kule, kaa na mimi kama hujui vitabu vyetu vinafunguliwa upande gani (vinafunguliwa kutoka kulia, mimi nilishika changu kichwa chini mwezi mzima). Na zamu ya kwanza aliichukua mwenyekiti wa bodi, si sisi wadogo. Ukiwa kiongozi unasoma hii, hapo pazingatie. Kazi ya mlangoni ukiwapa wageni wenzao na vijana, kila mtu ataelewa ni kazi ya nani.

Wazo langu la kusimamisha wageni tulilijaribu mara moja kwa sababu nilisumbua. Siku hiyo alikuwepo baba mmoja kaja kusema kadishi, sala ya wafiwa, mzee wake ametoka kufa wiki hiyo. Alisimamishwa, akatazamwa na watu themanini wakitabasamu, akakaa chini, na hatujamwona tena. Lile kosa ni langu na bado linanikera. Mgeni hajui kama anataka kuonekana, mpe nafasi ya kuamua.

Kuna siku rabi alinifuata jikoni akaniuliza kwetu tunasemaje kuhusu wageni, nikamwambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilidhani atacheka. Aliniambia nirudie, akaandika kwenye simu yake, halafu akaanza kuniambia ya Ibrahimu pale Mwanzo 18, mzee wa miaka 99 anakimbia kwenye jua kali kuwapokea watu watatu asiowajua, na Talmudi, maandishi ya mafundisho ya marabi wa kale, inasema kukaribisha wageni ni kukubwa kuliko kupokea uwepo wa Mungu, kwa sababu Ibrahimu alimwacha Mungu anangoja akaenda kushughulikia wageni. Sawa, nikasema, lakini wale waliondoka siku hiyo hiyo. Wangekaa siku ya tatu je?

Nadhani ni hapo ndipo kila kitu kilibadilika, ingawa yeye anasema alikuwa ameshafikiria (marabi bwana). Tangu hapo tuna sheria isiyoandikwa, mtu akija mara ya tatu anaombwa kitu. Kitu kidogo ila cha kweli. Kufungua pazia la sanduku la Torati kama ni Myahudi, kupanga viti, kumpeleka mzee fulani nyumbani, kusomea watoto. Ukimuomba mtu kitu umemwambia bila maneno mengi kwamba wiki ijayo tutamtafuta.

Jembe langu mimi lilikuwa mandazi, na lilianza na aibu. Kabla ya rabi huyu nilishawahi kupika mandazi nyumbani nikaleta kwenye kidushi, na mama mmoja akanirudisha mlangoni mbele za watu na sufuria yangu, kwa sababu jiko la sinagogi ni kosha, yaani linafuata sheria zetu za chakula, na chakula kilichopikwa jiko la mtu hakiingii. Sheria yenyewe sina shida nayo, naishika. Shida ni kwamba hakuna aliyekuwa ameniambia, na hakuna aliyenionyesha njia nyingine. Rabi mpya aliposikia alinipa ufunguo. Alisema njoo Alhamisi upike hapa hapa, na vyombo vya hapa. Tukakaa tukasoma kila pakiti, na tui la nazi likatuokoa, kwa sababu kwa sheria zetu maziwa na nyama havichanganywi lakini tui si maziwa ya mnyama, kwa hiyo mandazi ya tui yanakaa na chakula chochote. Sasa kila mwezi Alhamisi moja jikoni pananuka iliki, na yule mama aliyenirudisha ndiye anakanda unga. Anakanda vibaya, anaogopa kuushika, lakini anakuja.

Usidhani kila kitu kimekuwa sawa. Ada ya uanachama tulibishana mwaka mzima, rabi akitaka kila mtu atoe anachoweza na mweka hazina akiuliza bili ya kupasha joto jengo italipwa na nani, na kusema ukweli mweka hazina alikuwa na hoja. Wazee wawili walihama kwa sababu ya viti. Talmudi yenyewe inasifu mtu mwenye mahali pake maalum pa kusalia, kwa hiyo mzee akikuta kijana kwenye kiti chake cha miaka 40 na ukamwambia ahame, ana andiko. Tulipaswa kuongea nao kabla, hatukuongea.

Na kuna swali moja ambalo rabi alilikataza kabisa, wala hakutoa hotuba ndefu, alisema tu jamani hakuna tena kumuuliza mtu "ulikuwaje Myahudi." Talmudi inakataza kumkumbusha aliyeongoka alikotoka. Mtu akitaka atasema. Muulize anakunywa chai au kahawa.

Majira ya baridi yaliyopita, Jumanne saa mbili usiku, niko kwa kochi na soksi mbili mbili, simu ikalia. Kadishi haisemwi bila minyani, yaani Wayahudi kumi ambao ni watu wazima, na kwetu wanawake tunahesabiwa (dhehebu letu la Kiyahudi, Conservative, liliruhusu hilo 1973). Kulikuwa na binti amefiwa na mama yake na ibada ilikuwa imekwama.

"Tuko tisa," rabi akasema. Hakuongeza neno lingine.

Nilifika na nguo za kulalia ndani ya koti. Yule binti hata sikuwa namjua jina, alikuwa amekuja kwetu mara ya pili tu. Wiki iliyofuata akarudi mara ya tatu, nikampa kisu akakate mandazi.