Muziki unakatika jikoni

SWALI: Nina spika tatu zisizotumia waya: sebuleni, chumbani na jikoni. Kila moja ikipiga peke yake, mambo shwari. Nikiziunganisha zipige wimbo mmoja, ya jikoni hukatika-katika. Ninunue kifurushi cha intaneti chenye kasi zaidi?

JIBU: Hapana, hela yako iache ilipo. Muziki hula intaneti kidogo tu, na spika hiyo ikiwa peke yake haikatiki, sivyo? Zikiungana, katika mifumo mingi spika moja hupokea wimbo kisha huzigawia nyingine kupitia Wai-Fai. Isiyopata sehemu yake kwa wakati hunyamaza.

Unda kundi upya ukianza na spika iliyo karibu na ruta, kile kifaa kinachorusha Wai-Fai. Mara nyingi ya kwanza ndiyo mgawaji. Ikiwa ina tundu la waya wa mtandao, iunganishe na ruta kwa waya. Kisha tazama spika ya jikoni imekaa wapi. Ninashuku friji, maana chuma huzuia mawimbi, na maikrowevu, inayovuruga Wai-Fai ya gigahezi 2.4. Isogeze. Bado? Kwenye mipangilio ya ruta, jaribu chaneli (njia ya mawimbi ya Wai-Fai) 1, 6 au 11, moja baada ya nyingine. Kuzima na kuwasha ruta kila jioni, dawa ipendwayo na wengi, hakutakufikisha mbali.